Kuanza Kazi ya Felti: Sufu, Sabuni na Mikono

Mama zangu, dada zangu na vijana wa Mbale, asanteni kwa kuja. Shikeni kwanza hiki nilicholeta, kipitisheni mkono kwa mkono. Ni felti, yaani kitambaa cha sufu, lakini uzi hamtauona, kwa kuwa hakikufumwa. Hapa Uganda nguo ya namna hiyo si ngeni: olubugo la Waganda, lile gome la mti wa mutuba, liko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu mwaka 2008. Ila gome likigongwa kwa nyundo hutanuka, na felti ikisuguliwa hunywea.

Kwa nini hunywea? Kila unyoya wa sufu una magamba madogo mno, kama ya samaki, yote yakielekea nchani. Maji ya moto na sabuni huyalegeza. Ukisugua, manyoya husogea upande mmoja na kushikana, na kurudi nyuma hayawezi.

Ndiyo maana nawasihi: ijueni sufu kabla ya kununua chombo chochote. Nilipoanza nilichukua manyoya ya kondoo wetu wa kawaida, nikasugua mchana kutwa, jioni nikabaki na beseni la nywele zilizolowa. Nikadhani mikono yangu haifai kwa kazi hii. Kumbe kondoo wetu wengi wana nywele tu, hawana sufu. Inayofaa hutoka kwa kondoo kama Merino na Corriedale, wanaofugwa nyanda za juu za Kenya. Ukiwa na shaka, omba kifungu cha kujaribia, kisugue viganjani kwa maji ya moto na sabuni. Kikijifunga kijipira, lipa.

Sufu mbichi ina mafuta na takataka. Iloweke katika maji ya moto yenye sabuni, usiikoroge, kisha isuuze kwa maji yenye joto lile lile. Ukiitoa kwenye moto ukaitia kwenye baridi, itagandamana kabla hujaitaka.

Vyombo vyenyewe mnavyo nyumbani: mkeka, taulo, kipande cha nailoni, sabuni ya mche. Vuta sufu vipande vyepesi, hata uone mkeka kwa chini. Panga tabaka la kwanza kwa urefu, la pili kwa upana, na la tatu kwa urefu tena. Ukitaka kitambaa cha sentimita 20, panga 30, maana karibu theluthi itapotea. Nyunyiza maji ya moto ya sabuni, funika kwa nailoni, ukandamize kwa viganja tu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasugua kwa nguvu mapema, tabaka zinahama, katikati panatoboka. Pandisha nguvu polepole. Finya juu kwa vidole. Manyoya yakiinuka peke yake, endelea. Kikiinuka kitambaa kizima, kiviringishe ndani ya mkeka, ukibadilisha upande kila mara.

Kuna na felti ya sindano, ya wanasesere na maua, isiyotaka maji. Sindano yake ina vijino ubavuni. Yenye unene wa namba 38 yatosha kuanzia. Weka sufu juu ya sponji nene, choma wima, toa wima. Ukiipinda ikiwa ndani, itakatika. Watoto wadogo wasiiguse.

Maji yameshachemka. Vueni pete na bangili, sogeeni mezani, kila mmoja achukue fungu lake.