Sauli na Kondoo Waliobakizwa

Wapendwa, fungueni 1 Samweli 15. Najua wengi mmeshanisikia nikiifundisha. Mtaisikia tena, maana maombi ninayoletewa ni yale yale. "Mtumishi, niombee nijue kama ni mapenzi ya Mungu nirudishe zile fedha nilizomdhulumu mtu." Mapenzi gani tena? Yameshaandikwa! Kilichobaki ni kutii.

Mtazameni Sauli, mfalme wa Israeli. Ameagizwa awaangamize Waamaleki na mifugo yao yote. Anarudi na mfalme wao Agagi akiwa hai, pamoja na kondoo na ng'ombe walionona. Njiani amepitia Karmeli kujisimamishia ukumbusho. Kisha anamlaki Samweli kwa baraka: amri ya Bwana nimeitimiza! Nabii anauliza, na hao kondoo ninaowasikia wakilia? Someni jibu, mstari wa 15, polepole. Waliobakiza mifugo mizuri, eti ya kutolea dhabihu, ni watu. Walioangamiza mingine ni sisi. Na dhabihu ni ya nani? Ya "Mungu wako", Samweli. Kosa kawapa watu, sifa kajiwekea, Mungu kamwachia nabii.

Akibanwa zaidi, mstari wa 24, anakiri: niliwaogopa watu. Mtadhani toba imefika. Shukeni mstari wa 30: nimekosa, lakini nipe heshima mbele ya wazee. Mtu anatubu huku anaangalia nani anamtazama! Wala msiseme alikuwa mvivu. Alikwenda vitani, akashinda, akaleta na wanyama wa kuchinja. Kilichomponza ni ile sehemu aliyoibakiza akaipaka dini, na ndipo akaambiwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Leo mtu hasemi na ndugu yake, dawa yake anaongeza siku za kufunga.

Naona mmoja ameshakunja uso: "Hiyo ni sheria, sisi tuko chini ya neema." Haya. Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, mnaisema bila kufungua kitabu. Mbona mstari wa 10 mnauruka? Tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Tito 2:11-12, neema hiyo hiyo inatufundisha kukataa ubaya. Wafilipi 2:12 inakuagiza uutimize wokovu wako, na mstari wa 13 unatoa sababu: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yako. Nguvu ni zake. Miguu ya kumwendea uliyemkosea ni yako.

Sasa utendaji. Chukua agizo moja. Ukiandika kumi, utatimiza mawili yaliyo rahisi na kujihesabia haki kwa hayo. Liandike pamoja na jina la mtu na siku. "Nitazidi kupenda" haitoshi, maana hutajua umetii lini. "Nitamwendea fulani kabla ya Jumamosi" utajua. Kama ni mali, kipimo kiko Walawi 6:5: irudishe yote, uongeze sehemu ya tano. Ulichukua 100, unarudisha 120. Zakayo, yule mtoza ushuru, alijipangia kurudisha mara nne, wala hatusomi kwamba Yesu alimzuia. Tena usingoje mpaka baada ya ibada: Mathayo 5:24 inasema iache sadaka, ukapatane kwanza.

Wengi wanaharibu hapa: wanamwungamia mchungaji, mwenye kudhulumiwa hajasikia neno. Au wanakwenda na "kama nilikukwaza, samahani." Hiyo "kama" inamgeuzia yeye kosa. Taja ulichofanya, nyamaza, msikilize. Usimdai msamaha papo hapo; wewe wajibu wako ni kukiri na kurudisha, kusamehe ni wajibu wake mbele za Mungu. Na kabla hamjaniuliza mlangoni: kumsamehe anayekupiga hakumaanishi kurudi kukaa naye. Mtu asitumie mahubiri yangu kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Wanaosubiri kwanza wajisikie amani, wasome 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari mwenye ukoma, aliagizwa na nabii Elisha ajichovye Yordani mara saba; aliondoka kwa hasira, watumishi wake wakambembeleza, akatakasika alipokwisha kujichovya mara saba, si alipokubali shauri.

Nilitaka pia Waebrania 5:14, akili zinazozoezwa kwa kutumiwa, muda hauniruhusu. Na 2 Petro 1:5-7, "kwa upande wenu", mambo saba ya kutia katika imani: wema, maarifa, kiasi, yaani kujizuia... Kiasi peke yake kinataka saa nzima, na kwaya wameshasimama.