Chupa za maji juu ya dari: jaribu kwenye boksi kwanza kabla hujapanda ngazi

Assalaam alaykum jamani, karibuni. Leo tupo nyumbani Pemba, hapa Wawi, nje kidogo ya Chake, na huo mvumo mnaousikia nyuma ni feni la bibi, sikulizima kwa sababu kumzimia bibi feni saa saba mchana msimu wa kaskazi ni kumkosea adabu. Bati hili hapa juu, dari hakuna, ukiingia chumbani utasema umeingia kwenye tanuri la mikate. Nyumba ya zamani hapa ilikuwa ya makuti na bibi kila siku anatukumbusha kwamba kwenye makuti hakuna aliyelala uwanjani kwa joto, na ni kweli, ila makuti kila baada ya miaka kadhaa uezeke upya na watu wamechoka.

Sasa tunachofanya leo ni kuchukua hizi chupa za maji za plastiki, tupu, tuzipange juu chini ya bati zizuwie joto lisishuke. Nasema mapema ili msije mkanilaumu, hili ni jaribio, mie si injinia, na ntawaonesha na pale nilipokosea maana nimekosea kweli kweli.

Kwanza tuelewane, kwa nini chupa tupu. Angalieni hii chupa ya chai ya bibi. Kinachoweka chai moto humu ndani ni vitu viwili, baina ya kuta mbili za hicho kioo cha ndani hewa imetolewa, na kioo chenyewe kimepakwa kitu kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia. Aliyeitengeneza alikuwa mtu wa Scotland, James Dewar, mwaka 1892, wala hakuwa na habari ya chai, alikuwa na mambo yake ya gesi za baridi kali huko maabara. Sie hatuwezi kutoa hewa kwenye chupa ya maji, ukijaribu itajikunja. Lakini hewa iliyotulia, isiyotembea, nayo ni mbovu sana wa kupitisha joto, ndo maana makuti yanafanya kazi, yale majani yamelaliana yameshika hewa katikati. Kwa hiyo plastiki yenyewe haituhusu sana, plastiki ni mfuko tu wa kuishikilia hewa isitembee. Hilo likikaa kichwani mengine yote yatakuja wenyewe.

Na msichanganye na zile nyumba za chupa zilizojazwa mchanga, kama ile ya Yelwa kule Nigeria ya mwaka 2011, zile ni matofali, chupa imejaa, ni nzito, kazi yake kusimamisha ukuta. Ukijaza mchanga ukaweka juu ya kichwa cha bibi yako hiyo ni kesi nyengine.

Haya, chupa. Mie nimechukua za lita moja na nusu, zote za aina moja, hili muhimu kwa sababu zikichanganyika urefu hazipangiki. Zipo wapi? Harusini yakhe. Harusi moja tu na maulidi moja nimepata gunia tatu, nimesimama mlangoni kama mtu wa kamati. Chupa ya lita moja na nusu ina upana wa kama sentimita 9 na urefu wa kama 30, kwa hiyo mita moja ya mraba inachukua 33 hivi, chumba cha mita 3 kwa 3 unataka kama 300. Zile za soda nazo nzuri tena plastiki yake ngumu zaidi, ila ukiacha sukari ndani kidogo tu chungu watakujengea mji huko juu.

Osha na maji na sabuni, suuza, zigeuze mdomo chini zikauke, siku mbili tatu za jua. Zikauke kabisa kabisa. Tone la maji likibaki ndani unafunga na unyevu, na chupa iliyobaki wazi ikaingia maji ya mvua kwenye bati linalovuja hiyo ni nyumba ya mbu, na mbu tunao wa kutosha. Mie nilizianika kwenye jamvi la bibi la karafuu, akaniambia wee mtoto jamvi hili limeanika karafuu tangu mama yako hajaolewa leo unaanikia takataka. Nimeomba radhi, jamvi bado nnalo.

Sasa kizibo. Hapa ndo kosa langu la mwanzo. Mara ya kwanza nilifunga vizibo mchana, chupa zimekaa juani zimepata moto, hewa ya ndani imeshatanuka. Usiku ikapoa ikanywea, chupa zikaanza kubonyea moja moja, ta, ta, tata, juu ya kichwa, saa nane usiku. Bibi kaamka anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, mie najua ni chupa lakini na mie nikamfuatisha tu, hujui. Funga vizibo asubuhi mapema kukiwa na baridi. Kutoka digrii 27 za asubuhi mpaka 60 za chini ya bati hewa inataka kutanuka kama asilimia 11, hiyo chupa inaistahamili bila tabu, kutuna kidogo hakuna neno, kunywea ndo kunapiga kelele.

Kabla ya kupanda juu tunafanya majaribio ya boksi, na hapa nataka mtulie maana ndo pazuri kuliko pote na watu ndo wanaparuka. Chukua maboksi mawili ya sabuni, sawa sawa, ukubwa mmoja. Kata vipande viwili vya bati moja, vya ukubwa mmoja, hivi ndo mapaa. Boksi la kwanza halina kitu, bati tu juu. Boksi la pili panga chupa ndogo za nusu lita, acha nafasi ya vidole vinne baina ya chupa na bati. Kila boksi tia kipima joto, hivi vya dijitali vya bei rahisi, kikae chini kwenye sakafu ya boksi, kisipigwe na jua, kisiguse ukuta. Kwanza viweke vipima joto viwili pamoja kivulini nusu saa uone kama vinasema namba moja! Vyangu vilikuwa vinapishana, ningeingia moja kwa moja ningekuja hapa nikawadanganya kwa nia njema. Halafu maboksi uwanjani saa nne asubuhi mpaka saa tisa, kila nusu saa unaandika.

Siku ya pili chupa zihamishe, za boksi la pili zije la kwanza. Kwa nini? Kwa sababu pengine boksi moja liko karibu na ukuta, pengine linapata upepo zaidi, ukizihamisha na chupa bado zikashinda basi ni chupa kweli.

Nimejaribu namna nne. Bati tupu, chupa peke yake, chupa na foili juu yake, na usumba wa makumbi ya nazi uliojazwa unene ule ule. Namba za boksi langu siwapi, mtazichukua mkasema ndo joto la nyumba zenu, boksi si nyumba. Lakini mpangilio nawapa. Bati tupu la mwisho, hilo kila mtu alijua. Chupa peke yake zilisaidia, si kwa kishindo, joto lilichelewa kupanda na halikufika juu kule. Usumba ukazishinda chupa, mie nikaudhika kidogo maana nishaosha chupa 300. Na chupa na foili zikashinda zote.

Ukifikiri utaona ndo chupa ya chai ile ile. Bati la moto haliunguzi hewa tu, linamulika joto chini kama jua dogo, unalihisi kwenye utosi hata upepo ukiwepo. Hewa ya kwenye chupa haizuwii kumulika, inazuwia joto la kupita kwa kugusana. Kitu kinachong'aa ndo kinarudisha ule mmuliko. Foili ya jikoni inatosha, upande wowote, ule wa kung'aa sana na ule wa kufifia karibu sawa tu. Mie nimetumia na paketi za biskuti, zile za ndani fedha, nimezipasua nikaziunga na selotepu. Ila isiguse bati, ikigusa bati basi joto linapita kwa kugusana na kung'aa kwake hakuna faida, lazima iwe na nafasi ya hewa mbele yake.

Usumba kwa nini sikuutumia basi kama umeshinda? Panya. Na mchwa. Na ukishika unyevu wa masika haukauki leo wala kesho. Na moto. Moto ntausema kwenye chupa vile vile, subirini.

Twende kwenye trei. Usitupe chupa juu ovyo ovyo, zitabingirika. Mbao za inchi moja kwa mbili, tunapiga fremu ya mita moja kwa mita moja, au pima nafasi ya kwako baina ya kenchi na kenchi ufuate hiyo. Chini badala ya ubao tunatandaza nyavu kuukuu, nenda diko lolote wavuvi watakupa kipande kilichochoka, vuta kikaze kama kitanda cha kamba, pigilia misumari midogo pembeni. Panga chupa, moja mdomo huku, nyengine mdomo kule, ndo zinabana vizuri. Mianya iliyobaki baina ya chupa usiidharau, hewa ya moto inapita hapo kama maji, jaza vipande vya boksi vilivyokunjwa. Halafu juu foili, iegemee migongo ya chupa tu. Funga na uzi wa nailoni kwa kuvuka huku na huku. Trei nzima pamoja na mbao inabebeka kwa mkono mmoja, chupa moja haifiki mbali na gramu 30, kwa hiyo chupa za trei ni kilo moja tu. Ami yangu, ambaye ni seremala na alikuja kusimamia kwa sababu haniamini, alipoinyanyua akasema mmh. Kwa ami hiyo ni sifa.

Kufunga juu. Kosa langu la pili liko hapa hapa. Trei ya kwanza niliibana juu kabisa mpaka chupa zikagusa bati, nikaona nimeokoa nafasi. Baada ya wiki nikaishusha, chupa za juu zimelegea zimejipinda kama mishumaa. Hii plastiki inaanza kulainika kwenye digrii 70 na kitu, na bati jua la utosi linasogea huko, likiwa limepakwa rangi ya giza ndo kabisa. Acha shubiri moja baina ya foili na bati. Tena ile nafasi isizibwe pembeni, ile mianya ya kwenye upenu iache wazi, upepo uingie upande huu utokee ule uchukue joto. Wengi wanaziba kwa ajili ya popo, basi weka wavu wa dirishani. Na usiku usifunge madirisha kwa kuwa umeweka chupa, joto lililoingia mchana lazima lipate pa kutokea, sie hapa hatuzuwii baridi isiingie kama Ulaya.

Sasa moto, na hapa sicheki. Plastiki inawaka, na ikiwaka inadondoka matone ya moto. Juu ya jiko la kuni usiweke kabisa. Nyaya za umeme zisipite ndani ya trei wala chini ya chupa, zisogeze, taa ya balbu ya moto iwe mbali. Na chupa zisibaki wazi kwa chini, chini yake piga silingi bodi ya jipsamu, jipsamu haiwaki. Ami alisema bila hiyo bodi hapandi ngazi na yuko sahihi, nikasubiri mwezi mzima nipate pesa ya bodi. Huna pesa ya bodi? Basi hiyo hela uliyonayo nunua rangi nyeupe ya mabati upake bati kwa juu, kusema kweli hiyo ningeanza nayo mie kabla ya chupa zote hizi, jua likirudishwa juu huna haja ya kupigana nalo chini.

Kuna mtu ataniuliza ukutani je, niweke chupa ndani ya ukuta? Usijisumbue. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri panda mpapai mbele yake.

Mvua zikianza pandeni muangalie, kama bati linavuja maji yatakaa juu ya foili na hamtojua mpaka bodi iote madoa. Toboa foili matundu machache pembeni, na trei moja ifungwe kwa skrubu badala ya misumari ili iwe mlango wa kuchungulia.

Chumba cha bibi kimekwisha, feni bado linazunguka lakini sasa namba moja, zamani lilikuwa tatu. Ami kauliza, kwa kupita tu, kwamba chumba chake kitataka chupa ngapi. Nimempimia, zinapungua mia na kitu, na bibi jamvi lake analitaka kabla watu hawajaanza kuchuma, kwa hiyo mwenye harusi Ijumaa hii hapa Chake na anijulishe.