Mupini ya revolva, mbao ao mupira? Pima kwanza mukono

Maongezi mbele ya bafundi mbao na bawindaji wenye permi, Lubumbashi. Nimeandika sawa vile nilisema.

Bandugu bafundi, bamama, na nyie baleki mwenye munasimama kule karibu na mulango, karibuni, muingie, nafasi iko.

Mutu akikuya ku atelye yako kuomba umutengenezee mupini ya revolva, kitu ya kwanza unamuomba haiko makuta, unamuomba akuonyeshe mukono. Anafungua kiganja, unaangalia upana yake, unaangalia urefu ya kidole ya shahada, kisha njo munaongea mambo ya mbao. Batu mingi banafanyaka kinyume. Mutu anaingia, anasema nataka mukula, nataka wenge, nataka mupira sawa ile niliona mu telefone, na fundi naye anajibu ndiyo ndiyo juu anatafuta kazi, halafu mupini inatoka muzuri kabisa inangaa na mwenyewe anashindwa kufikia gasheti, kale kachuma ka kufinya na kidole. Mi nasema umbo njo inaamua. Mbao ao mupira, hiyo inakuya nyuma.

Mbele ya yote, sheria. Hii inchi iko na Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, na mwenye kushika silaha anapashwa kuwa na permi. Ku atelye yangu permi inaonekana kwanza, na revolva inaingia tupu, silinda wazi, risasi zinabakia kwake ku nyumba. Asiyetaka ile, njia ni ile pale.

Sasa juu ya nini tunaongea revolva na hatuongee pistole? Muangalie Browning ya FN, ile fabriki ya Ubelgiji, ile GP ya 1935. Ndani ya mupini yake munaingia shargeri, ile kasha ya risasi 13, maana mupini ni nyumba ya shargeri, huwezi kuipunguza hata ufanye nini, unabadilisha paka vibao vya pembeni basi. Revolva haiko vile. Risasi zinakaa juu mu silinda, na chini munabakia paka kachuma kembamba, na juu ya ile kachuma fundi anaweza kujenga umbo yote yenye mukono inaomba, nene, nyembamba, refu, fupi. Ruger, fabriki ya Marekani, bao balipotoa revolva yao GP100 mu 1985 baliondoa hata ile fremu ya mupini, balibakiza kisiki kadogo tu ndani, mbao ao mupira inavaa pale juu. Kwa fundi hiyo ni uhuru mingi, na ni hatari mingi vilevile, juu ukikosea umbo hakuna chuma ya kukurudisha ku mustari.

Kupima inafanyika hivi. Mutu anashika revolva tupu, ile nyama katikati ya kidole gumba na shahada inapanda juu kabisa nyuma ya mupini, na kano, ile bomba ya bunduki yenye risasi inatokea, pamoja na mufupa ya mukono vinabakia mu mustari moja. Sasa bila kusogeza kitu, kidole ya shahada ifike ku gasheti mupaka karibu na kiungo ya kwanza. Revolva ya double action, yenye gasheti peke yake inavuta nyundo, kale kachuma ka nyuma kenye kugonga risasi, gasheti yake iko refu na nzito, kufinya bila kuvuta nyundo kwanza inaweza kuomba kilo 5 hivi, kwa hiyo ncha ya kidole peke yake haina nguvu ya kufanya ile kazi polepole bila kutetemesha bunduki. Kama anafika paka na ncha, mupini ni munene mbele ya mukono wake. Kama kidole inapita na kukunjika upande ya pili, mupini ni mwembamba. Mutu mwenye mupini munene atafanya nini? Atazungusha bunduki mu mukono ili afikie gasheti, na pale mustari umekufa, teke ya risasi inakuya ku kifundo cha kidole gumba badala ya kuingia mu mukono na bega. Kisha atakwambia bunduki yake iko mbaya. Bunduki haina kosa.

Mama hapa mbele ananyoosha mukono. Ndiyo mama?

Ameuliza hivi, kama hamukusikia kule nyuma: yeye anafanya kazi ya ulinzi, mukono yake kadogo, bakamwambia achukue mupira juu iko laini, lakini akiiweka anaona bunduki imekuwa kubwa zaidi. Mama uko na haki. Mupira ya kufunika mupaka nyuma ya chuma inaongeza milimita kadhaa pale penye hutaki hata moja. Nyie wenye mukono kadogo mutafute mupini yenye kuacha chuma ya nyuma wazi, mbao ao mupira ni sawa tu, vibao vya pembeni vyembamba, na kama chini ya kidole cha kati kuko nafasi tupu nyuma ya ile duara ya gasheti, mujaze ile nafasi. Pale njo kidole inaumiaka.

Ile nafasi tupu iko na historia yake. Smith & Wesson balitoa Military & Police mu 1899, bunduki ya mapolisi, na mupini yake ya mbao ilikuwa kadogo, nyembamba, kama walimufikiria mutu wa mufuko na haiko mutu wa kupiga risasi mingi. Mu miaka ya 1930 balikuya na vibao vya Magna, vyenye kupanda juu zaidi pembeni ya chuma, ilisaidia kiganja lakini mbele nafasi ilibakia, na kila risasi ile duara inagonga kidole cha kati. Batu bakaanza kuuza kachuma ka kujaza, kama ile ya Tyler yenye bazee banaitaka mupaka leo. Mbele ya hapo, Colt ya 1873 ilikuwa na mawazo ingine kabisa. Mupini yake imepinda vizuri, laini, na bunduki inapopiga teke inateleza na kuzunguka mu mukono, kidole gumba inajikuta karibu na nyundo kwa kuivuta tena. Kwa ile bunduki kuteleza ni faida. Uweke ile umbo ku double action, utalia, juu pale hutaki kushika upya kila risasi. Munaona sasa, umbo inafuata kazi ya gasheti.

Na Babelji pia tusibasahau, juu hizi bintu zilifikaka hapa na bao. Nagant ni bandugu bafundi ba Liège, jeshi ya Ubelgiji ilichukua revolva yao ya 1878 kwa maofisa, na ile ya 1895 ilienda Urusi, risasi 7. Ukipata moja ya zamani kwa familia fulani, na karatasi zake ziko sawa, usitoe vibao vyake vya mbao kuweka mupira. Ni kuharibu bei na ni kukosa heshima.

Mupira sasa. Pachmayr na Hogue njo majina ya fabriki yenye mutasikia sana. Batu banasema mupira inapunguza teke. Hapana, teke ni ileile, nguvu ya risasi haijui kama umeshika mbao. Mupira inabonyea kidogo, kwa hiyo ile nguvu inachukua muda murefu kidogo kuingia mu kiganja, na inajaza mashimo ya mukono, inagawa uzito fasi kubwa. Ku bunduki nzito yenye risasi ya .38 hautasikia tofauti ya maana. Lakini chukua ile 340PD ya Smith & Wesson, gramu 340 hivi tupu, na wanaweka ndani risasi ya nguvu, .357 Magnum! Pale kama huna kitu laini nyuma ya chuma, mukono itakumbuka wiki. Na ile kubwa yao ya .500 ya 2003 ilitoka fabriki na mupira yenye kufunika nyuma, hawakuweka mbao ya kupendeza, bao benyewe balijua.

Ubaya ya mupira ni kwa mutu wa kubeba ndani ya nguo. Inashika shati, inavuta koti, bunduki inaonekana pale ulitaka isionekane. Mbao laini inapita. Kisha mafuta na dawa za kusafishia zinakula mupira polepole, inavimba, inaanza kunata, na hapa kwetu na vumbi ya kiangazi, ile kunata inakusanya udongo mwekundu mupaka mupini inabadilika rangi.

Mbao, hapo njo kwetu. Kwa bazungu mbao ya kawaida ni noyer, na Smith & Wesson ku mipini yao mikubwa ya shabaha walitumia sana gonçalo alves ya Brazil. Siye tuko na zetu. Wenge iko nzito, nyeusi, inapendeza, lakini vumbi yake inawashisha pua na ngozi, vijiti vyake vinaingia mu kidole na kuoza, na matundu yake yako wazi, inaomba kujazwa mbele ya mafuta. Mulombwa ni rahisi kuchonga na haichezi sana, kwa mwanafunzi ningeanza na ile. Mukula wote munaijua, malori yake tuliyaona barabara ya Kasumbalesa. Nyekundu, muzuri, lakini tangu 2019 iko mu Annexe II ya CITES, ile liste ya mapatano ya dunia juu ya biashara ya miti na nyama ya pori, magogo na mbao yake zikivuka mupaka zinaomba karatasi, sawa na afromosia yenye iko mule tangu 1992. Mi natumia vipande vya milango na meza za zamani. Imekauka miaka na miaka na hakuna muti umeanguka kwa ajili yangu.

Kukauka, baleki, munisikie hapo. Mbao yenye umekata Januari mu mvua, ukaichonga Februari ikakaa vizuri juu ya chuma, muione Julai na ile baridi kavu: imesinyaa kwa upana, kuko mwanya wa kuingiza ukucha, visi inacheza. Mwenyewe anachukua turnevisi anakaza, anakaza, mupaka kibao kinapasuka ku tundu. Visi ya mupini haikazwi na hasira. Inashika, basi. Na nyuzi za mbao zifuate urefu ya mupini kushuka chini, kama vile unachagua mupini ya nyundo, zikikatwa na upinde pale chini, siku bunduki ikianguka ile ncha inatoka.

Kwa visi munaweka pete ndogo ya shaba ndani ya mbao, na siye mu Katanga shaba haitukosi, lakini shaba na mafuta binaleta ile kijani, kwa hiyo munapangusa. Verni nzito ya kungaa simpendekezee mutu. Na jasho inateleza kama samaki. Mafuta ya kitani iliyochemshwa, tabaka nyembamba, unangoja, unarudilia.

Kuchora misumari misumari ya kushikia, ile mistari ya kukatana? Inasaidia mukono yenye jasho. Lakini ukipiga risasi ya nguvu, ile mistari inakwangua ngozi. Bill Jordan, askari wa mpaka kule Marekani mwenye alijulikana sana kwa revolva, mipini yenye alibuni ilikuwa laini kabisa na nene, bila misumari. Kuchimba nafasi za bidole mbele, mi sipendi: inatosha mukono moja tu, akishika haraka na bidole vikikaa juu ya milima badala ya mabonde, amepotea.

Na pembe ya tembo, mutu asikuye kuniomba. Najua Patton, jenerali wa Marekani, alibeba Colt yenye mupini ya pembe, aliinunuaka 1916, picha ziko fasi yote. Dunia ilifunga ile biashara mu 1989, na siye tuko mu inchi ya tembo. Hapana.

Swali ya mwisho, kijana wa kule nyuma. Anauliza mwenye kutumia kushoto, tunageuza kila kitu?

Karibu kila kitu, ndiyo. Ile kivimbe ya kujaza kiganja unaihamisha, na ile mahali ya kulalisha kidole gumba unaihamisha. Lakini kuko kitu moja bafundi bengi banageuza na haipashwe kugeuzwa. Kibao cha kushoto kinachongwa pale juu, kinapunguzwa, ili maganda ya risasi yakitoka na ile kifaa ya kujaza risasi zote mara moja yasigonge mbao. Silinda ya Smith & Wesson na ya Ruger inafunguka upande wa kushoto, kwa mutu wa kulia na kwa mutu wa kushoto pia. Kwa hiyo pale unachonga kushoto, paka kushoto, na ujaribu na maganda tupu mbele ya kupaka mafuta, juu ukishapaka na ukakuta yanagonga, unarudi ku msasa na kazi yote inaanza upya.