Kufuli la Darini

Assalaam aleikum, na ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na jua la Malindi leo halikuwa na huruma.

Nimeombwa nizungumzie mali ya pamoja katika nyumba za ghorofa. Nitaanza na mlango mmoja. Jengo ninaloishi lina ngazi moja, na juu kabisa kuna mlango wa bati unaotokea darini. Kwa miaka mingi ulifungwa kwa kipande cha kamba tu. Jirani yetu wa ghorofa ya pili alikuwa akipanda na sinia la maembe aliyoyakata na kuyatia chumvi na manjano, akiyaanika kwa achari, na watoto wakipewa kazi ya kufukuza kunguru. Siku moja nikapanda, nikakuta kufuli. Mwenye nyumba ya juu ameezeka makuti pale, ameweka vitanda vya kamba, anapangisha wageni wakati wa msimu.

Nilikutana naye ngazini jioni ile ile. Tukaulizana hali za watoto, nikashuka. Sikusema neno. Ndugu zangu, muhali huo, ile haya ya kumkabili mtu wa karibu, mnaujua. Jirani aliyekuja matangani kwako, utamwambiaje aondoe kufuli?

Muda si mrefu boya la tangi likakwama usiku. Tangi ziko darini. Maji yalishuka ukutani hadi alfajiri, yakafika kwenye boksi la mita za stima pale chini. Fundi alisimama mbele ya mlango na spana mkononi. Mwenye ufunguo yuko Nairobi. Maji yale tulikuwa tumeyanunua kwa bausa, lori la maji. Nilipoona yanachuruzika juu ya nyaya ndipo nilipoelewa kwamba kimya changu kilikuwa kimehatarisha watoto wa watu.

Sasa tuitazame sheria. Kenya ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuiondoa ile ya 1987. Kwa sheria hii, anayenunua nyumba ghorofani anapata hati ya sehemu yake, na pamoja nayo fungu katika kila kisichokuwa ndani ya sehemu ya mtu: ngazi, dari, ua, mahali pa magari. Fungu hilo halitengwi. Huwezi kuuza nyumba ukabaki na dari, wala kuuza dari ukabaki na nyumba. Wenye sehemu wote ndio shirika la jengo, na shirika ndilo linalosimamia mali ya pamoja. Sheria imeweka pia kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Mimi naithamini sana kamati hiyo, kwa sababu inatuondolea ule muhali: si mimi ninayemkabili jirani yangu, ni jengo linalozungumza na mmoja wake.

Sisemi kila matumizi ya mtu binafsi ni dhuluma. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema jirani asimzuie jirani yake kutia mti katika ukuta wake. Na waliofika Lamu wameona wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Mwenye nyumba amepata nafasi yake hewani, na chini yake mtu anapita, punda anapita na mzigo wake, njia haikuzibwa. Pale darini kwetu ilizibwa. Kama angekuja kikaoni, akasema nataka kona ile, nitalipa kiasi hiki kwenye mfuko wa jengo, mlango ubaki wazi na tangi zifikiwe, huenda tungemkubalia, na makubaliano tukayaandika. Makuti yenyewe, niseme wazi, siyapendi juu ya jengo lenye ngazi moja. Yanashika moto upesi, na watu wa juu watakimbilia wapi?

Tulimwita baadaye, akaja, na hakuja kwa shari. Kufuli limeondolewa. Ufunguo mmoja uko kwa mlinzi, mwingine kwa mweka hazina. Makuti ameahidi kuyashusha kabla ya kusi. Kodi aliyopokea misimu miwili hatujakubaliana: yeye anasema ni jasho lake, sisi tunasema dari ni yetu sote. Kikao ni Ijumaa hii baada ya Isha, na jirani wa achari atakuwepo.