Kutoka "Usinisumbue" hadi "Sijui": George Harrison ndani ya The Beatles

Wapenzi wa muziki, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Agosti 1963, The Beatles, bendi ya Uingereza, walikuwa wakipiga Bournemouth, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Mpiga gitaa lao la solo, George Harrison, alikuwa anaumwa, kalala hotelini. Alikuwa na miaka 20, mdogo kuliko wenzake wote, na hakuna mwimbo alioutunga peke yake uliokuwa umerekodiwa. Akaamua kujipima. Uliotoka pale kitandani ni "Don't Bother Me", yaani usinisumbue. Mpenzi kaondoka, basi wengine wote wakae mbali.

George Harrison mwenyewe hakuja kuusifu sana wimbo ule. Mimi naupenda, kwa sababu unatuonyesha alipoanzia. Huzuni imo, lakini ni huzuni ya mtu aliyenuna. Anatufukuza chumbani, hatuambii kinachomuuma.

Mbele yake walikuwa John Lennon na Paul McCartney, watunzi ambao nyimbo ziliwatoka kama maji ya bomba. Albamu ina nyimbo 14, George akipata moja au mbili ashukuru. Watu huiita dhuluma, na dhuluma ilikuwepo, sitaikana. Ila nadhani upweke ule, wa kuwa katikati ya kundi lako na bado usisikilizwe, ulimpa jambo la kutunga ambalo wenzake hawakuwa nalo: kuwa na neno kifuani na kukosa pa kulitua.

Njooni 1966, albamu ya Revolver. Safari hii kapewa nyimbo tatu. Katika "I Want to Tell You" anasema kichwa kimemjaa mambo, lakini akifika mbele ya yule anayetaka kumweleza, maneno yanamtoroka. Sasa sikilizeni piano. Wimbo ukitua kwenye chord ya E, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja juu ya E, piano inagonga F, noti jirani kabisa, inagonga, inagonga, mpaka sikio linakereka. Kero hiyo ndiyo hisia yenyewe. Miaka mitatu nyuma angetwambia tu kwamba hana raha. Hapa ameziacha noti mbili zigombane, na sisi tunaelewa bila kuambiwa.

Mwaka huohuo alikwenda India kujifunza sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, kwa bingwa wake Ravi Shankar. Wahadhiri wengi hutua hapa saa nzima, mimi napita. Hakuwa bingwa wa sitari na alilijua hilo, akarudi kwenye gitaa. Kwa sikio langu alirudi na subira, ile ya kuiacha noti imalize pumzi yake kabla ya kugusa nyingine.

Mwaka 1968, akiwa nyumbani kwa wazazi wake, alifungua kitabu bila kuchagua ukurasa, akaapa kutunga wimbo kwa maneno ya kwanza atakayoyaona. Akakuta maneno ya kulia taratibu. Ndipo ikaja "While My Guitar Gently Weeps". Tofauti na kule Bournemouth, humu anawatazama watu, anaona upendo umelala ndani yao na hakuna aliyewafundisha kuuamsha. Wenzake studioni hawakuutilia maanani. Basi Septemba 6 akamleta rafiki yake, mpiga gitaa Eric Clapton, aliyesita kwanza kwa kuwa si kawaida mtu wa nje kupiga kwenye rekodi za The Beatles. Hebu lifikirieni jambo hili. Mpiga gitaa la solo ametunga wimbo kuhusu gitaa lake kulia, kisha kilio chenyewe anampa mwenzake akilie. Kwangu mimi, hapo mtu amekua.

Januari 10, 1969 aliondoka katikati ya mazoezi, akaiacha bendi. Alirudi mwezi huohuo. Masika yalipofika alikwepa mkutano wa biashara, akaenda kukaa kwenye bustani ya Clapton na gitaa la kuazima, akatoka na "Here Comes the Sun". Mtu aliyekuwa akifukuza watu chumbani sasa anambembeleza mwingine: baridi imekuwa ndefu, vumilia.

Lakini "Something" ndiyo iliyonileta hapa jioni hii. Beti linaanzia kwenye chord ya C. Ndani ya C hiyo noti moja inashuka nusu toni, kisha nusu toni tena, nyingine zimesimama palepale, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. Wimbo unapofika katikati unahamia A, sauti inapanda, na anakiri ameulizwa kama pendo lake litakua. Anajibu: sijui. Anarudia: sijui. Nyimbo za mapenzi zimejaa viapo vya milele. Huyu anampenda mtu kiasi kwamba hawezi kumdanganya. Oktoba 1969 ukatoka upande wa kwanza wa santuri ndogo, ile ya nyimbo mbili tu (single), mara ya kwanza kwa wimbo wa George kupewa nafasi hiyo na The Beatles.

Miezi michache kabla ya hapo, Februari 25, siku aliyotimiza miaka 26, aliingia studio ya Abbey Road bila wenzake. Akarekodi majaribio ya nyimbo tatu, na "Something" ikiwemo. Hakuna ngoma, hakuna vinanda vya nyuzi. Ni gitaa na sauti yake tu. Rekodi hiyo ilikaa kabatini hadi 1996. Naomba tuzime simu, tuisikilize yote mpaka mwisho, halafu nitapokea maswali.