Usiziache Linki za Juu Nyuma

Ndugu zangu, nimeitwa nizungumzie kurefusha magari yetu ya rimoti ya kupanda mawe, yaani kuongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Faida zake sitazihesabu, mnazijua, ndiyo maana mmejaa humu. Nitaanza na linki za juu, linki zikiwa zile fimbo zinazoshikilia ekseli kwenye chesisi, kwa sababu kila nikiletewa gari lililorefushwa nakuta linki za chini zinang'aa mpya, na za juu ni zilezile zilizotoka kiwandani. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena.

Kijana mmoja aliniletea gari lake la kipimo cha 1/10. Akaniambia, "Mzee, lilikuwa linapanda vizuri, sasa kila jiwe linalikamata tumboni." Nikalipindua mezani. Propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli, ilikuwa imechunika upande wa ekseli, alama nyeupe kama imepitishwa tupa, na kikombe cha jointi kimeshaanza kupasuka. Nikapima linki. Za chini kaziongeza milimita 6. Za juu hakuzigusa.

Hebu iwazeni hiyo ekseli. Chini inasukumwa nyuma, juu imeshikwa palepale. Ifanye nini? Italala tu. Pale kwenye ekseli, tundu la linki ya juu na la chini yameachana milimita 20 hivi. Sukuma la chini milimita 6, ekseli imelala karibu digrii 17! Na inalalia upande mbaya: pua ya pinioni, pale propela inapoingia kwenye ekseli, inainama kutazama mawe, ilhali propela inashuka kutoka juu kwenye giaboksi. Jointi inapindishwa kupita uwezo wake, na kila jiwe linakutana na propela kwanza. Kijana alikuwa anawalaumu waliotengeneza jointi. Tukazirefusha linki za juu nazo milimita 6, pua ikanyanyuka, gari likaacha kukwama.

Ekseli ya mbele nayo inainamisha pua vilevile, na huko kuna la ziada: kasta, yaani mlalo wa ule mhimili tairi inapogeukia, inaongezeka, ukikata kona tairi zinalala ubavu.

Najua yupo anayesema moyoni, "Mimi nitafungua rodi endi, zile ncha za plastiki za linki, kidogo kidogo, yataisha." Kwa milimita moja au mbili, sawa. Lakini uzi wa M3, wa skrubu ya milimita 3, unakupa nusu milimita kwa mzunguko 1. Wewe umbali wa ekseli kwa ekseli unatoka milimita 313 unataka 324, hizo ni milimita 11, mizunguko 22. Uzi wenyewe haufiki huko! Utabakiza meno mawili ndani ya plastiki, na jiwe la kwanza litaing'oa. Tengeneza linki mpya. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, siyo ncha kwa ncha, na ya kulia ilingane na ya kushoto, la sivyo ekseli itakaa mshazari na gari litakwenda upande. Ukishafunga, litazame gari kwa ubavu likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha cheza na linki ya juu nusu milimita kwa nusu milimita mpaka pua ikae unavyotaka. Linki za juu ndizo zinazoamua ekseli ikaeje. Za chini zinaipeleka tu.

Sasa hizo milimita 11 ziende wapi? Wengi wanazipeleka mbele. Mimi nasema nyuma. Gari likibinuka mlimani linabinukia pale tairi za nyuma zinapogusa jiwe. Chukua gari ambalo kitovu cha uzito kiko milimita 155 mbele ya ekseli ya nyuma, na kimo chake milimita 90: litapinduka kwenye mwinuko wa karibu digrii 60. Rudisha ekseli ya nyuma milimita 11, unafika digrii 61 na nusu hivi. Ukiziweka mbele, hesabu hiyo haitikisiki, isipokuwa kwa ule uzito wa ekseli iliyosogea. Mtaniambia tairi ya mbele iliyosogezwa inawahi ukuta kabla ya bampa. Ni kweli, na kama bampa ndilo tatizo lako, peleka mbele. Kama tatizo lako ni kupinduka, nyuma. Tumbo litagusa mawe zaidi na kona zitakuwa pana, popote utakapoziweka.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Propela: ninginiza gari, ekseli ishuke mpaka mwisho, kisha uangalie kama nusu moja ya propela bado imeingia vya kutosha kwenye nusu nyingine. Shokabzoba ikilala zaidi kuliko mwanzo, spring itakuwa laini na gari litashuka, sogeza tundu la juu. Usukani wenye servo (mota ya usukani) kwenye chesisi na rodi ya panhard, ile inayozuia ekseli kwenda pembeni, hiyo inataka jioni yake peke yake.

Nani amekuja na gari? Wewe kijana wa nyuma, lete. Liweke hapa, tairi juu, na mtu anipe rula.