Ndama Amekunywa Dawa ya Kupe: Fanya Hivi Daktari Akiwa Njiani

Wafugaji wenzangu, karibuni. Umemaliza kunyunyizia ng'ombe, ndoo yenye dawa iliyobaki umeiacha wazi, ndama mwenye kiu kaja kuimaliza. Leo nazungumzia dawa za kundi la oganofosfati, mfano diazinoni.

Kwanza, vaa glavu. Sumu hii hupenya ngozi, na yako haina tofauti. Mwondoe ndama hapo, umweke kivulini penye hewa, kisha funika ndoo wengine wasije nao.

Pili, mtazame vizuri. Sogeza kamera hapa kidevuni: mate yanavutika hadi chini, machozi yanatiririka, anahara, anakojoa ovyo. Mguse begani, utasikia nyama zinachezacheza chini ya ngozi. Sasa mmulike tochi machoni. Mboni ya ng'ombe imelala ubavu. Hapa imebana ikawa mstari mwembamba hata kivulini.

Kwa nini haya yote kwa pamoja? Mwilini kuna kimeng'enya kinachokatiza ujumbe wa neva ukishafika kwenye misuli na tezi. Sumu inakizuia, kwa hiyo ujumbe haukatiki: tezi zinamwaga tu, misuli inatetemeka mpaka inachoka. Kinachoua hasa ni pumzi, maana njia za hewa zinajaa ute na misuli ya kupumulia inalegea.

Tatu, piga simu kwa daktari wa mifugo, chupa ukiwa nayo mkononi. Msomee kiambato kilichoandikwa kwenye lebo, usimwambie tu "dawa ya kupe". Oganofosfati hutibiwa kwa atropini, na dozi anapanga yeye kwa uzito na hali ya mnyama. Amitrazi nayo ni dawa ya kupe, lakini mnyama aliyeinywa husinzia, hulegea na tumbo husimama. Huyo ukimpa atropini unazidi kulisimamisha. Ndiyo maana nasisitiza chupa, hata kama lebo imechanika nusu.

Nne, kama dawa imemwagikia manyoya, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimpake mafuta, yanasaidia sumu kupenya.

Sasa lile la kumnywesha maziwa eti yaue sumu. Najua majirani watakuja na chupa ya soda iliyojaa maziwa, na nia yao ni njema. Wakatalie. Ndama anayetoka mate na kuhema hivi hamezi sawasawa, utayamimina mapafuni. Mkaa wa dawa wa kunasa sumu tumboni upo, ila daktari ataupitisha kwa mpira hadi tumboni. Mkaa wa jikoni uache jikoni.

Akipona, muulize daktari siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na kama ni ng'ombe anayekamuliwa, kabla ya kunywa maziwa yake. Akifa, mzoga uzikwe kwa kina, mbali na kisima, mbwa wasiufikie. Na kabla ya kuogesha tena, wanyweshe maji kwanza.